Kengele za Saa Kumi na Moja

"Hukulala," Inspekta Otema alisema.

"Sikulala."

"Hukutoka nje."

"Nilitoka mara moja, saa tano, kwenda chooni. Nimeandika kwenye daftari la zamu. Kila tukitoka tunaandika, afande."

"Na saa saba?"

"Saa saba nilikuwa kwenye kiti, naangalia kioo cha kompyuta. Hakuna kitu kilikuja."

Otema aliandika jibu hilo neno kwa neno, kama alivyoandika mengine. Mwanamke aliyekaa mbele yake aliitwa Sitti. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na alikuwa mhudumu wa chumba cha kengele katika kampuni ya ulinzi iliyoitwa Ngao Imara, pale Nakawa. Alikuwa bado amevaa sare ya kampuni. Mkanda na kamba za viatu alikuwa amenyang'anywa kaunta.

Jana yake, saa saba mchana, watu wasiojulikana walikuwa wameingia kwenye ghala la dawa lililolindwa na kampuni hiyo, wakamchoma kisu cha paja mlinzi wa Lindo la Kumi na Nne, Santo, wakapakia katoni walizotaka na kuondoka. Dereva aliyeleta mzigo alimkuta Santo saa nane kasoro, amekufa. Kiunoni alikuwa na kifaa cha kengele, cha ukubwa wa kiberiti, chenye kitufe kimoja na taa moja. Kifaa kilionyesha kwamba Santo alikuwa ameomba msaada. Gari la doria la kampuni lilikuwa limeegeshwa sokoni, mwendo wa dakika nne, na halikuitwa.

Saa kumi jioni mwenye kampuni, Kapteni mstaafu Oyat, alimleta Sitti kituoni mwenyewe. Alisema Sitti amemwua mtu kwa uzembe, na huenda alikula njama na wezi. Mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kwake leo saa nane mchana. Kutoka hapo ni mahakamani, na kutoka mahakamani ni rumande ya Luzira.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu asubuhi.

"Simu yako inaonyesha uliongea dakika kumi na saba," Otema alisema. "Kuanzia saa saba na dakika tano."

"Na dada yangu wa Bombo. Sikio kwenye simu, macho kwenye kioo. Lakini hata ningefumba macho, afande, ile kengele ikilia hata kiziwi anainuka. Uliza yule mama anauza chapati pale nje. Tukifanya majaribio anatutukana."

"Unamjua Santo?"

"Namjua sauti tu. Nilikuwa napigia kila lindo mara moja kwa zamu. Ananiita Mama Kengele. Mke wake namjua tangu jana. Alikuja hapa kaunta wakati wananivua viatu. Alisema mbele ya watu wote kwamba nililala kazini, mume wake akafa."

Otema alifunika kalamu. Halafu akaifunua tena, kwa sababu Sitti alikuwa amefungua mdomo na kuufunga.

"Sema."

"Kengele zinakuja jioni, afande."

"Zipi?"

"Za mchana. Wiki hii na iliyopita. Mchana kimya. Halafu saa kumi na moja na dakika chache, zinakuja pamoja kama watu wa kiwanda wakitoka zamu. Siku moja zilikuja mbili, Lindo la Sita na la Tisa. Nikampigia wa Sita. Akanicheka, 'Mama Kengele, ndiyo umeamka? Mimi nilibonyeza saa saba, ng'ombe waliingia uani.'"

"Ulimwambia nani?"

"Niliandika kwenye daftari. Mara tatu. Kapteni anaweka sahihi kila jioni. Siku moja nilimwambia kwa mdomo pia. Akasema walinzi ni waongo, wanalala mchana, wakiamka wanabonyeza."

Otema alipigia mstari maneno manne, *saa kumi na moja*, na kumrudisha Sitti seli bila kumwahidi kitu.

*

Ofisi za Ngao Imara zilikuwa nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kapteni mstaafu Oyat alimpokea Otema getini mwenyewe, mgongo umenyooka, viatu vinang'aa. Alimsalimia kwanza kwa Kiacholi. Otema akamjibu kwa Kiswahili, lugha ya kambi ya askari alimokulia na ya jalada alilobeba.

"Inspekta, wewe ni mtoto wa nyumbani," Oyat alisema wakipanda ngazi. "Naomba kitu moja tu. Hiyo mashine ulifunga utepe jana, wacha tuizime, tuiwashe upya. Wateja wanapiga simu. Mimi naendesha kampuni kwa simu za mkono kama bodaboda."

"Bado kidogo, Kapteni."

"Kidogo ni saa ngapi?"

"Nikishaielewa."

"Wewe utaielewa hiyo kitu? Hata mimi mwenye kampuni siielewi." Oyat alicheka, lakini peke yake.

Chumba cha kengele kilikuwa na meza moja, kioo kimoja na spika mbili zilizopigiliwa ukutani. Kwenye kona, chini ya utepe wa polisi, seva, kompyuta inayopokea kengele zote, ilikuwa inanguruma. Otema alikuwa ameizungushia utepe jioni ya jana na kuagiza isizimwe wala isiguswe. Hakuwa na sababu kubwa. Alikuwa amejifunza tu kwamba kitu ukikizima kinasahau.

Aliweka juu ya meza mfuko wa ushahidi wenye kifaa cha Santo, na karatasi ya kumbukumbu zake iliyotolewa na maabara.

"Soma mwenyewe," Oyat alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Hii kifaa iko na taa. Kijani ni imefika, nyekundu haijafika. Saa saba na dakika saba, kijani. Na dakika nane, kijani. Kumi na moja, kijani. Kumi na tano, kijani. Kumi na tisa, kijani. Mara tano! Huyu mama alizima kengele tano na mkono wake."

"Baada ya hapo kuna nyekundu sita."

"Hapo wezi walikata mtandao. Hawa watu wanajua kazi."

Otema alitazama saa za zile nyekundu. Ya mwisho ilikuwa saa saba na dakika arobaini na moja. Daktari alikuwa amesema Santo alikufa kwa kutokwa na damu, polepole. Akaikunja karatasi.

"Mtandao wa ghala lote ulikatika?"

"Lazima."

"Karani wa ghala alikuwa amejifungia ofisini ghorofani, anatazama mpira kwenye kompyuta mpaka saa nane. Anasema haukukwama hata mara moja." Otema aliongea bila kuinua sauti. "Aliyeandika programu ya kengele ni nani?"

"Mkenya mmoja. Anakaa Kisugu. Nimemwita, yuko chini anakunywa chai ya kampuni."

*

Nashon Khaemba alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyoshonwa kwa waya upande mmoja. Alipofika mlangoni alitazama utepe kabla ya kuwatazama watu.

"Hamjaizima," alisema.

"Ungependa tuizime?" Otema aliuliza.

"Hapana, afande. Ningeomba msiizime."

Oyat aliguna. "Mimi nataka izimwe, huyu hataki. Mimi naenda ofisini."

"Kaa karibu, Kapteni. Nitakuita."

Mlango ulipofungwa, Otema alivuta viti viwili. "Nataka kitu kimoja kwanza. Kapteni anasema kengele tano ziliingia hapa zikafutwa. Nionyeshe kama zilifutwa."

Khaemba alifungua kumbukumbu za seva. Kila mstari ulikuwa na namba. Kila aliyeunganishwa, kifaa au kompyuta, alikuwa na mistari miwili, mmoja ukisema *amepokelewa*, mwingine *amemaliza*. Otema alimwambia arudi nyuma siku kumi na akazifuata namba kwa kidole, moja baada ya nyingine. Khaemba alianza kutikisa mguu. Otema hakuongeza mwendo. Hakukuwa na namba iliyoruka. Namba ya mwisho ilikuwa 4117, ya jana saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

"Hakuna kilichofutwa," Otema alisema.

"Hakuna."

"Na Santo hayumo."

"Hayumo."

"Lakini kifaa chake kinasema kimeunganishwa na ujumbe umetumwa. Nani mwongo?"

Khaemba alivua miwani. "Hakuna mwongo, mkubwa. Hapo ndipo shida iko."

"Nieleze kama mtu ambaye hajasomea."

"Hata mimi sikusomea. Nilijifundisha." Alifungua dirisha lingine, lenye mistari ya programu katika lugha ya C, na akashusha sauti kama anayeonyesha jeraha. "Hapa programu inafungua soketi, yaani mahali pa kuingilia. Hapa inaita `listen`, inaiambia kompyuta: watu wakija, mimi nipo. Halafu inaingia kwenye mzunguko usioisha. Mwanzo wa mzunguko ni hii, `accept`. Inangoja. Mtu akija inampokea, tunasoma anachosema, tunafunga, tunarudi juu kumpokea mwingine."

"Mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja. Kifaa kinasema neno moja, nusu sekunde, kimeondoka. Kwa malindo ishirini inatosha kabisa."

"Anayefika mwenzake akiwa bado anasomwa, anakwenda wapi?"

"Kompyuta yenyewe inamsalimia na kumweka kwenye foleni. Programu yangu bado haijamwona."

Otema alifikiri kidogo. "Kituoni kwetu kuna askari wa geti. Ukija anakupa kadi ya mgeni, anakuonyesha benchi. Unakaa na kadi yako mkononi, unajua umepokelewa. Lakini karani wa kaunta hajui hata kama umezaliwa, mpaka aite."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Kadi ya mgeni ndiyo taa ya kijani."

Khaemba aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo Santo alipewa kadi."

"Mara tano, afande. Na kila mara aliacha maneno yake. Kifaa hakingoji jibu, nilitaka kisimalize betri. Kinasema, kinafunga, kinaondoka. Maneno yanabaki pale pale benchi."

"Benchi linakaa watu wangapi?"

"Niliandika tano."

"Kwa nini tano?"

"Mfano niliojifunzia uliandika tano."

Otema aliitazama karatasi ya maabara tena. Kijani tano, kisha nyekundu. Ilikuwa imekaa sawa, na yeye alikuwa na tabia ya kutoamini kitu kinapokaa sawa haraka. "Tano kamili?"

"Hapana..." Khaemba alisita. "Kwenye Linux, mfumo unaoendesha hii seva, ukiandika tano inakalisha sita. Wa saba haingii, kifaa chake kinaonyesha nyekundu."

"Basi Santo hakuwa wa kwanza kwenye foleni. Kuna mwingine alikuwa amekaa mbele yake."

"Lazima awepo. Kama hayupo, mimi nakudanganya."

Otema aliandika hilo kwenye daftari lake na kumwonyesha Khaemba. Kisha akamwomba aweke sahihi pembeni. Khaemba aliweka.

"Sasa niambie," Otema alisema. "Yuko kaunta nani, kwamba karani hajaita mtu tangu jana asubuhi?"

Mstari wa mwisho ulikuwa bado umefunguka kwenye kioo. Namba 4117, *amepokelewa*, anwani inayoishia na 23. Wa *amemaliza* haukuwepo.

Otema akarudi nyuma mwenyewe kwa kitufe cha mshale. Siku iliyotangulia, saa mbili na robo asubuhi, 23 amepokelewa. Saa kumi na moja na dakika nne jioni, 23 amemaliza. Palepale chini yake kulikuwa na kengele mbili, dakika hiyo hiyo. Juzi yake, vilevile. Siku tisa mfululizo. Majaribio ya kengele ya saa kumi na mbili asubuhi yalikuwa yamepita vizuri, na ya saa kumi na mbili jioni pia, kwa sababu 23 alikuwa hajaja au alikuwa ameshaondoka. Katikati, mchana kutwa, hakuna aliyepokelewa.

Alifungua daftari la zamu lililokuwa mezani. Mwandiko wa Sitti ulikuwa wa kishule, umelala upande mmoja. *Lindo 6 na 9 zimeingia saa 11.04 jioni. Walinzi wanasema walibonyeza mchana. Naomba mashine iangaliwe.* Kurasa mbili nyuma, karibu maneno yale yale. Kisha tena. Chini ya kila ukurasa, sahihi ya Oyat.

"Siku tisa," Otema alisema. "Ishirini na tatu ni nani, bwana Khaemba?"

Khaemba alikuwa anafuta miwani kwa shati, ingawa ilikuwa safi.

"Ni kompyuta ya Kapteni."

Otema hakuandika mara moja. Alikuwa ameona, juu kidogo ya neno `accept`, mstari ambao haukuwa amri bali maandishi ya kawaida, wa mwaka uliopita: *TENGENEZA: mtu akikaa kimya hapa, wengine wote wanangoja.*

"Huu uliandika wewe."

"Mimi."

"Ulijua."

"Nilijua." Alivaa miwani. "Walinipa wiki tatu. Nikajiambia, nani atakuja kukaa kimya? Kifaa hakina sababu ya kukaa kimya. Ni mistari kama kumi tu, afande. Akinyamaza sekunde tano, mtoe. Nilikuwa nimepanga."

Otema alimwacha amalize, na alipomaliza aliyaandika yote.

*

Saa sita alimpigia simu konstebo wa zamu amlete Sitti. Kisha akaingia ofisini kwa Oyat. Ilikuwa na bendera ndogo ya kikosi chake cha zamani, na kompyuta iliyogeuzwa ukutani ili mgeni asione kioo.

"Kapteni, kila asubuhi unaunganisha kompyuta hii na seva. Kwa nini?"

Oyat hakushtuka. Alinyoosha kifua kidogo. "Hiyo ni utaratibu yangu. Tarehe tatu umeme ulikatika, seva ikalala masaa mawili, na hakuna mtu alijua. Masaa mawili! Mimi nikasema basi, napanga sentri, mlinzi wangu mwenyewe. Huyu Mkenya alinifundisha namna ya kuunganisha. Kila siku baada ya paredi naunganisha, naacha hapo. Ikikatika, mimi wa kwanza kuona. Jioni namtoa sentri, naenda nyumbani."

"Na sentri wako anaiambia seva nini?"

"Anaiambia nini? Sentri hasemi. Sentri anasimama."

Khaemba, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuambia unganisha, ona, funga, Kapteni."

"Uliniambia! Wewe uliniambia vitu mia moja siku ile, nusu Kiingereza!"

"Jana hukumtoa," Otema alisema.

"Jana nilikimbia ghalani. Mtu wangu amekufa. Nirudi kufunga kompyuta?"

"Nionyeshe kioo, tafadhali."

Oyat aliigeuza kompyuta. Dirisha jeusi, neno moja jeupe, *Umeunganishwa*, na chini yake mshale ukiwaka na kuzima. Otema alilipiga picha, akaandika saa, akamwomba Khaemba na Oyat waandike majina yao kama mashahidi. Ndipo akaeleza. Alieleza polepole, kwa geti na benchi na kaunta, bila kumwita mtu yeyote mkosaji. Oyat alisikiliza akiwa amesimama. Otema alipofika kwenye benchi la watu sita, Oyat alikaa.

"Hiyo ni maneno," alisema hatimaye. "Maneno ya kompyuta. Hakimu atacheka."

"Inawezekana. Kwa hiyo tutajaribu. Usiguse kitu mpaka nikuite kwa simu. Nikikuita, funga hilo dirisha kwa mkono wako."

"Nikikataa?"

"Nitaandika kwamba umekataa."

*

Sitti aliletwa na pingu mikononi. Otema alimkalisha kwenye kiti chake cha zamu, mbele ya kioo. Konstebo alisimama mlangoni, Khaemba kando ya seva. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

"Kioo kiko vipi?" Otema aliuliza.

"Kimya. Kama jana."

"Ukiona kitu, kisome kwa sauti. Basi." Aliweka daftari lake mezani, ukurasa wenye sahihi ya Khaemba juu. Akampigia Oyat. "Funga."

Kengele ilipolia, konstebo alishika bunduki. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, inayojaza chumba mpaka meno yanauma. Nje, mwanamke fulani alipiga kelele za hasira. Kwenye kioo mstari mwekundu ulikuwa umetokea.

"Lindo la Tatu," Sitti alisoma. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Dharura. Limetuma jana saa nne na dakika hamsini asubuhi."

"Ndiye huyo aliyekuwa mbele," Khaemba alisema, na hakuonekana kufurahi.

Kengele hainyamazi mpaka mhudumu abonyeze kwamba ameipokea. Sitti alinyoosha mikono yote miwili pamoja, kwa sababu ya pingu, akabonyeza. Mara ikalia tena.

"Lindo la Kumi na Nne. Dharura. Limetuma jana saa saba na dakika saba." Akabonyeza. "Lindo la Kumi na Nne. Dharura. Saa saba na dakika nane." Akabonyeza. "Lindo la Kumi na Nne. Saa saba na dakika kumi na moja."

Mlango ulifunguka. Oyat alikuwa ameshuka ngazi bila kofia.

"Lindo la Kumi na Nne. Dharura. Saa saba na dakika kumi na tano."

"Zima hiyo kitu," Oyat alisema.

Sitti hakugeuka. Alibonyeza, na kengele ikalia kwa mara ya sita. "Lindo la Kumi na Nne. Saa saba na dakika kumi na tisa." Alibonyeza. Chumba kikawa kimya, na kengele haikulia tena.

Otema alingoja dakika tano kamili kwa saa yake. Kisha akaandika: *Sita. Moja ya Lindo 3, tano za Lindo 14. Hakuna nyingine.* Akampa Oyat daftari la zamu, likiwa limefunguliwa kwenye mwandiko wa Sitti.

"Hiyo sahihi ni yako?"

Oyat alisoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua kurasa mbili, akasoma, akafunua tena. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Mimi nilikuwa naweka sahihi tu," alisema. "Kila jioni wanaleta, naweka sahihi."

"Mimi nilidhani unasoma," Sitti alisema.

Otema alimfungua pingu, akampigia mwendesha mashtaka na kumweleza kwa maneno machache. Alisikiliza kwa muda mrefu zaidi ya alivyosema. Alipokata simu alisema, "Jalada lako limerudishwa, Sitti, huendi mahakamani. Kapteni na bwana Khaemba, mtakuja kituoni kuandika maelezo. Wote wawili."

"Na wezi?" Oyat aliuliza.

"Wezi bado siwajui. Bila jalada hili mliloniletea, ningekuwa nawatafuta tangu jana." Alimgeukia Sitti. "Nitakuandikia barua kwamba huna kosa. Kesho asubuhi nitakwenda Bwaise nimweleze mke wa Santo mwenyewe."

Sitti alikuwa anasugua vifundo vya mikono. "Utamweleza nini, afande?"

"Kwamba hukulala. Kwamba kengele haikukufikia."

"Ataniuliza mimi, au atakuuliza wewe, ilikuwa saa ngapi. Alibonyeza mara ngapi. Ya mwisho ilikuwa lini." Alitazama mfuko wa ushahidi, kisha Oyat. "Kampuni imemwambia alikufa hapo hapo, hakusikia maumivu. Nilisikia wakimwambia, nikiwa kaunta bila viatu."

Oyat alitazama sakafu.

"Saa saba na dakika arobaini na moja," Otema alisema. "Ya mwisho ndiyo hiyo." Haikuwa kawaida yake kutoa ushahidi kwa mtu asiyeuomba. "Huwezi kutoka kwenye lawama hii bila yeye kujua kwamba mumewe aliita kwa zaidi ya nusu saa. Nimejaribu kutafuta njia nyingine."

"Wanamzika lini?"

"Jumamosi. Wanampeleka Gulu Ijumaa."

Sitti alifikiri. Leo ilikuwa Jumatano. Alihesabu kwa midomo, kama mtu anayepanga zamu.

"Basi mwache kwanza amzike," alisema. "Jumatatu ndiyo uende."

"Mpaka Jumatatu kila mtu atasema ni wewe."

"Wameshasema."

"Ndugu za Santo wako getini, walitufuata kutoka kituoni," konstebo alisema kutoka mlangoni, bila kumtazama yeyote. "Wanaume sita hivi. Na mke wake."

Otema alisogeza pazia kidogo, akatazama chini, akalirudisha. Angeweza kushuka na kuwaeleza kwa dakika tano. Maneno yalikuwa tayari, kwa mpangilio, na ushahidi ulikuwa mezani, lakini Sitti alikuwa amesema Jumatatu.

"Kuna njia nyingine ya kutokea?" aliuliza.

"Upande wa kiwanda cha magodoro," Sitti alisema. "Kuna tundu kwenye ukuta."

Alitafuta kamba za viatu mifukoni, akakumbuka zilibaki kaunta kituoni, akatangulia kushuka ngazi za nyuma akiburuza miguu. Otema alimfuata mpaka kwenye ukuta, akamshikia seng'enge juu, na alipokwisha kupita akarudi ndani kukusanya vitu vyake kabla ya kutoka kwa geti la mbele.